Mama Watatu wa Gaju

Jirani yangu hapa Kasulu ana tabia moja inayonisumbua, ingawa sijawahi kumwambia. Jioni jua likianza kulegea, huchukua kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akakiweka juu ya makaa kwenye karai bovu, akakiacha kifuke uani kufukuza mbu. Moshi wake ni mzito na una utamu kidogo, harufu ya majani makavu, maziwa na ngozi. Ukinifikia tu, siwezi kuketi. Nitaacha madaftari ya wanafunzi ninayosahihisha, nitasimama mlangoni, nitarudi ndani, nitafunua sufuria ambalo sina haja nalo, nitasimama tena. Mume wangu amezoea. Huniuliza, "Unamtafuta nani?" nami humjibu kwamba simtafuti mtu. Hilo ni kweli, kwa sababu ninayemtafuta ni ng'ombe, naye alikwisha kufa miaka mingi iliyopita.

Aliitwa Gaju, kwa ajili ya rangi yake, wekundu mwepesi wa chai iliyotiwa maziwa mengi. Tulikuwa tukiishi Kumsenga, wilaya ya Kibondo, katika miaka ya tisini, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye migomba nyuma na zizi la miti mbele. Baba alikuwa na ng'ombe watatu, na sisi watoto tulijiona matajiri wa kutupwa. Gaju alizaliwa asubuhi moja ya mvua nikiwa na miaka saba, na mimi ndiye niliyemfuta ute puani kwa jani la mgomba, maana mikono ya watu wazima ilikuwa na kazi nyingine. Tangu siku hiyo niliamini ni wangu. Hakuna aliyenikatalia, kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kubishana na mtoto wa umri ule. Nilimtoa kupe masikioni, nikamkuna chini ya shingo mpaka akafumba macho, nikamweleza habari zote za shule, hata zile ambazo hazikunipa sifa.

Kila jioni mama aliwasha moto wa kinyesi kikavu katikati ya zizi, na ng'ombe walisogea wenyewe kwenye moshi kuwakimbia nzi. Lakini kabla ya hapo alikuwa na desturi yake. Alitoka kuwapokea njiani, akamshika mkia yule wa mwisho, akatembea nyuma yake hivyo hivyo, kimya, hadi mlangoni mwa zizi. Mama za wenzangu hawakufanya hivyo. Wao walitumia fimbo na matusi madogo madogo. Nilidhani mama anaona uvivu wa kuokota fimbo.

Na mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Bibi Sabina, mzaa mama, aliyekuwa akiishi Nyabibuye, alisema nilizaliwa na siafu ndani ya sketi. Kanisani nilikaa mwisho wa benchi ili niweze kutoka mara tatu. Nikitumwa chumvi nilirudi na habari za kijiji kizima, na mara nyingine bila chumvi. Baba alikuwa akiniambia kwamba kuuliza si ujinga, kisha baada ya swali la kumi alijuta kunifundisha maneno hayo.

Nilipofikisha miaka kumi na mmoja, baba mdogo Deo, mdogo wake baba ambaye alilelewa kwetu, alipata mchumba upande wa Kasulu. Mchumba aliitwa Adela. Watu walisema ni mpole na anacheka kwa kuziba mdomo. Nilimchukia kabla sijamwona, kwa kuwa mahari yake ilikwisha kutajwa: ng'ombe jike mmoja, mtamba, mzima wa miguu na macho. Katika zizi letu maelezo hayo yalimfaa ng'ombe mmoja tu.

Nilipoambiwa, niliacha kula kwa mlo mmoja mzima. Halafu nikasikia kwamba upande wa pili una sharti, na moyo ukaanza kunidunda kwa namna nyingine. Kwao ng'ombe wa mahari hatolewi kimya kimya. Kabla hajatoka zizini, wajumbe wa bibi harusi huja kumwona, na mwenye ng'ombe husimama kando yake akamtaja. Humtaja yeye, mama yake, mama wa mama yake, na mama wa huyo naye, hata watimie mama watatu, na kila mmoja alitoka kwa nani na kwa njia gani. Madume hayatajwi, kwani dume hupita tu. Ukoo ukiwa na doa, yaani bibi wa ng'ombe aliibwa, au aliua mtu kwa pembe, au alitoka katika nyumba yenye kisirani, wajumbe hushukuru kwa adabu, hunywa pombe waliyoandaliwa, kisha huondoka wakiomba watafutiwe mwingine.

"Watu hawapokei ng'ombe," Deo alinieleza, akijitia uzee. "Wanapokea alikotoka."

Neno lililonikaa ni lile la doa. Gaju akipatikana na doa, Gaju atabaki. Nilizunguka nalo kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Na siku chache baadaye nikapata sababu ya kutumaini. Nilikuwa nimekaa nje ya jiko nikiambua maharage, baba na mama wako ndani, na ninawasikia.

"Bihogo na Sine," baba alisema, akiwataja mama na bibi wa Gaju. "Wawili wanatosha."

"Wamesema watatu," mama akajibu.

"Basi wa tatu nitasema alinunuliwa mnadani."

Nilisikia mwiko ukigeuza ugali ambao ulikwisha kuiva zamani, ukigeuza tu. Maharage yalinimwagika mapajani. Kama mama wa tatu wa Gaju alikuwa ng'ombe wa heshima, kwa nini baba, aliyetupiga marufuku kusema uongo hata wa utani, anatafuta mnada wa kumsingizia? Nikawa na uhakika kwamba doa lipo, na kwamba liko kwa huyo wa tatu.

Mahali pa kulitafuta nilipajua. Bihogo, mama yake Gaju, alitoka Nyabibuye kwa Bibi Sabina. Mama alipoolewa, wazazi wake walimtoa ndama huyo amfuate binti yao, ndiyo ada ya kurudisha mkono wa mahari. Kwa hiyo bibi alijua. Shule zilipofungwa, nikasema nina hamu ya kumwona bibi. Mama alinitazama kitambo kabla ya kukubali. Alinifungia mihogo mikavu kwenye kitambaa, akanipandisha kwenye baiskeli ya Deo, ambaye alikuwa anakwenda huko kuazima koti la harusi.

Safari ilichukua siku nzima. Mwaka ule barabarani hapakuwa na raha. Ng'ambo kulikuwa na vita, watu walivuka mpaka kila siku, na ilikuwa imetoka amri kwamba wote wenye asili ya ng'ambo, hata wale waliokaa vijijini mwetu miaka mingi, waende kambini. Malori yalitupita, yakatujaza vumbi. Katika moja nilimwona mwanamke amekaa nyuma kabisa, amepakata jiwe la kusagia kama mtu aliyepakata mtoto. Deo, ambaye alikuwa akipiga mluzi tangu nyumbani, aliacha. Mimi sikuuliza kitu, na naona haya kusema kwa nini. Nilikuwa nawaza pembe za Gaju.

Bibi Sabina alikuwa uani anapekecha maziwa. Nilichuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa, nikasema, "Mwakeye, bibi." Kabla hajamaliza kuitikia, nilikwisha kuuliza mama yake Sine ni nani.

"Keti kwanza," alisema. "Kunywa maji. Mtu haulizi habari za ng'ombe akiwa na vumbi mdomoni."

Niliketi, nikasimama, nikaketi. Alinituma kutafuta mayai, nikaleta. Akanituma kuni, nikaleta. Nadhani alikuwa anapima kama nitasahau, na mimi kusahau sikujua. Mwishowe akachukua vibuyu vyake vya maziwa, akaanza kuvifukiza kwa moshi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, mdomo wake ukalegea.

Sine, alisema, alizaliwa katika zizi hili hili. Mama yake aliitwa Gitare. Gitare ni jina la ng'ombe mweupe, na huyo alikuwa mweupe mwili mzima, kwato peke yake ndizo nyeusi. Hakununuliwa, hakuzaliwa hapa, wala hakutolewa na mtu. Alitoka majini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mauaji yalipofumuka ng'ambo. Babu alikuwa amekwenda kwenye mto wa mpakani kutazama mitego yake ya samaki. Matete yote yalikuwa yamejaa watu waliojificha, akina mama na watoto, hakuna anayeongea. Ndipo maji yakapasuka, akatoka ng'ombe mweupe, chuchu zimevimba kwa maziwa maana ndama wake alibaki upande wa pili. Na mkia wake ulikuwa umeshikwa na mtoto wa kike wa miaka saba hivi, ambaye hakujua kuogelea hata kidogo. Ng'ombe ndiye aliyemvusha.

"Baba yake alimwambia, *Fata umurizo, nturekure*," bibi alisema. "Shika mkia, usiachie. Halafu akarudi kumchukua mama wa mtoto na kichanga chao. Hao hatukuwaona."

Siku nne babu alibaki kwenye matete. Asubuhi na jioni alimkamua Gitare, na watoto wote waliokuwa pale walikunywa kwa kata moja, kwa zamu. Watu wazima hawakuonja. Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye maziwa yake yalikauka kwa hofu, mtoto wake mchanga ameanza kulegea shingo. Huyo mtoto alitiliwa maziwa ya Gitare mdomoni tone kwa tone kwa pindo la nguo. Walipopata njia, wengine walikwenda kusini, wengine walibaki. Gitare hakuwa na mwenyewe, ila yule mtoto aliyemshika mkia, na yule mtoto hakuwa na mtu. Babu akawaleta wote wawili.

"Siku mbili alikataa kuachia ule mkia," bibi alisema. "Alilala zizini. Nilimpelekea uji humo humo."

"Akawa nani?"

"Akawa mtu."

"Yuko wapi sasa?"

"Aliolewa. Ana watoto. Mmoja wao hatulii, anauliza maswali mpaka kichwa kinauma."

Nilicheka sana kumcheka mtoto huyo. Bibi alinitazama juu ya kibuyu, akatikisa kichwa, na hakucheka. Kisha akasema maneno haya ni ya zizi hili, niyaache hapa hapa. Nikajibu "Ego", yaani ndiyo, kwa wepesi wa mtu ambaye tayari amekwisha kufunga mzigo wake.

Kwa maana nilikuwa nimepata. Nilikuwa na akili za kutosha kuona malori, nikakosa za kuona kitu kingine. Mama wa tatu wa Gaju alikuwa ng'ombe mkimbizi. Shuleni neno hilo tulirushiana kama kinyesi: mkimbizi wewe, rudi kambini. Kama watu wa ng'ambo walikuwa wanakusanywa na kupelekwa, nani atakayepokea ng'ombe wa ng'ambo awe mahari? Sikujua kwamba ukoo niliokuwa naufukua ulikuwa na watu ndani yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nachimba kwa mikono miwili.

Siku tisa zilipita kabla wajumbe hawajafika. Nyumbani hakuna aliyetulia. Baba alitengeneza mlango wa zizi ambao haukuwa mbovu. Mama alifua nguo safi. Gari likisikika barabarani alisimama, akasikiliza mpaka lipite, kisha akaendelea. Nilidhani anawaogopa wageni wa Kasulu kwa sababu ya vyombo vyetu.

Wakaja Jumamosi, asubuhi. Walikuwa wawili. Msemaji wao alikuwa Bukuru, baba mdogo wake Adela, kijana mwenye mabega mapana na fimbo iliyong'aa, kwani baba mzazi wa binti haendi mwenyewe kumkagua ng'ombe, ataonekana mroho. Pamoja naye alikuja mama yake, Bibi Velonika, nyanya yake Adela, mwembamba, amejifunga kanga mbili, macho yake yako kwa ng'ombe tangu alipoingia uani. Upande wetu aliitwa Mzee Lazaro, balozi wetu wa nyumba kumi, awe shahidi. Mzee Lazaro ndiye aliyepeleka amri nyumba kwa nyumba wiki chache nyuma, ile ya watu wa ng'ambo, na daftari lake lilikuwa kwenye mfuko wa koti. Chungu cha pombe ya mtama kiliwekwa katikati, mirija ikasimamishwa, na majirani wakajaa uani.

Baba akamtoa Gaju. Nilikuwa nimempaka siagi pembeni mwa macho ili apendeze, bila kujua kwa nini nampendezesha ng'ombe ninayetaka akataliwe. Baba akaweka mkono mgongoni mwake.

"Huyu ni Gaju, amezaliwa hapa. Mama yake ni Bihogo, alitoka Nyabibuye kwa wakwe zangu, alimfuata mke wangu. Mama yake Bihogo ni Sine, amezaliwa Nyabibuye, katika zizi la wakwe zangu." Akameza mate. "Mama yake Sine alinunuliwa mnadani."

"Mnada gani?" aliuliza Bukuru. "Kwa nani?"

Baba alianza kumkuna Gaju mgongoni. Mama alikuwa amesimama kando ya mlango wa jiko na kibuyu mikononi. Na mimi, ambaye hata kanisani sikuweza kukaa, nikatoka nyuma ya wanawake nikasema kwamba si kweli, hakununuliwa. Aliitwa Gitare, mweupe mwili mzima isipokuwa kwato. Alitoka ng'ambo kwa kuogelea. Alivuka na mtoto wa kike ameshika mkia.

Niliisema yote, matete na siku nne na kata moja, haraka haraka, kwa sauti ile niliyotumia kusoma risala shuleni. Nilimaliza nikamtazama Bukuru, nikingoja ashukuru kwa adabu na kuondoka.

Hakuna aliyenyanyua mrija. Mzee Lazaro aliyaangalia magoti yake. Baba hakunipiga. Hilo ndilo lililonitisha kwanza, kwa sababu kumkanusha baba mbele ya wageni kulikuwa na bei inayojulikana, na yeye alisimama tu, mkono bado juu ya Gaju.

Bibi Velonika ndiye aliyeinuka. Alitembea mpaka kwa Gaju, akampapasa paji la uso, polepole.

"Maziwa ya Gitare nayajua," alisema. "Yalikuwa na harufu ya matete." Akageuka, akamnyooshea kidole mwanawe mwenye mabega mapana. "Huyu hapa ndiye aliyekuwa amelegea shingo. Alinyweshwa kwa pindo la nguo yangu."

Bukuru alitazama chini. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na pale alionekana kama mtoto aliyetajwa darasani. Bibi Velonika alikuwa amesema mwenyewe, mbele ya balozi, kwamba naye alitoka ng'ambo, jambo ambalo ningeweza kumsaidia alifiche kama ningekuwa mtoto wa kutulia benchini mpaka mwisho wa misa.

"Yule mtoto wa mkiani," aliendelea, sasa akiongea nami, "nimemtafuta miaka yote hii. Tulipoondoka alikuwa bado ameshika. Nilikuwa na watoto wanne, sikuweza kumchukua. Aliitwa nani, mwana wanje, mwanangu? Alipona?"

Nilisema sijui. Na hapo nikasikia kibuyu kikiwekwa chini.

"Aliitwa Yuditha," mama alisema. "Alipona."

Yuditha lilikuwa jina la mama. Kijijini walimwita Mama Konsolata, kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona jina la Yuditha mara moja tu, kwenye cheti cha ubatizo. Nilichukua muda kuelewa. Niligeuka kumtazama kana kwamba kuna Yuditha mwingine nyuma yake. Kisha nikaona jinsi Bibi Velonika alivyomwendea na jinsi walivyoshikana, bila kulia kwa sauti, wakiyumba kidogo, na nikaona baba amefumba macho. Sikuwa nimempata ng'ombe mwenye doa. Nilikuwa nimemtaja mama yangu mbele ya mtu mwenye daftari.

Mzee Lazaro alivuta mrija, akanywa kwa muda mrefu kuliko kiu ya mtu yeyote. Akajifuta mdomo.

"Mimi nimeitwa kusikiliza ukoo wa ng'ombe," alisema. "Nimeusikia, mama watatu wametimia. Kuna ng'ombe mwingine wa kutajwa?"

Baba akasema hakuna. Mzee Lazaro akasema basi tunywe.

Gaju alikubaliwa kwa vigelegele. Bukuru alisema wakwe wengine huwapa watu ng'ombe, sisi tumewarudishia ng'ombe wao wenyewe. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya migomba.

Wasomaji wangependa niseme kwamba tangu saa ile tulikuwa salama, lakini neno la balozi ni neno la mtu mmoja, na siku ile uani walikuwepo majirani wengi. Kwa miezi mitatu mama aliweka furushi nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na sweta langu, chumvi, biblia na kata. Gari likisikika, mkono wake ulikwenda kwenye fundo la furushi, ukabaki hapo mpaka mlio upotee. Nami nilijifunza kusikia magari kabla yake. Nilikuwa nikitoka darasani nikisikia lori, nikakimbia hadi nyumbani, nikamkuta anapepeta, nikarudi shuleni kuchapwa. Hakuna aliyekuja. Sijui kama ni kwa wema wa watu wa Kumsenga au kwa sababu orodha zilijaa. Nimeamua ni wema, na sina ushahidi.

Gaju aliondoka wiki moja baada ya ile Jumamosi. Bukuru alimtangulia na kamba, na mama akamshika mkia. Alitembea nyuma yake kupita migomba, kupita nyumba ya balozi, watu wote wakimwona, hadi kijito cha mwisho wa kijiji. Hapo Gaju aliingia majini, na mama akaachia. Nilikuwa nimewafuata kwa mbali. Nilimwona amesimama na mkono umekunjwa mbele yake kama bado umeshika kitu, na sikuthubutu kumkaribia, mimi ambaye sikuogopa kumkaribia yeyote.

Hakuwahi kunikemea. Hilo lilinikera miaka mingi kuliko fimbo. Nilipokuwa chuo cha ualimu, likizo moja tukiwa tunachambua mchele, nilimuuliza kwa nini hakunipiga siku ile. Alifikiri huku vidole vikiendelea kutoa mawe.

"Ungenisingizia, ningekupiga," alisema.

Akaongeza kwamba kwa miaka ishirini na mitano hakuna aliyemtaja na baba yake katika sentensi moja. Bibi Sabina alimlea vizuri, hakumkosesha kitu, lakini kwa kumlinda alilifunga lile jambo. Siku ile uani aliogopa, na hapo hapo alisikia mtoto wake akisema kwa sauti kubwa kwamba kulikuwa na mtu aliyempa mkia ashike. "Nilikuwa nadhani nimemwota," alisema. Ng'ombe haelemewi na nunduye, watu husema, na mimi nilikuwa nimekua nikiona nundu ya mama bila kujua ni kitu gani. Nilielewa hapo, na mchele mikononi, kwamba mimi nilitafuta doa na yeye alikuwa amelibeba kama jina.

Lakini bado sijajisamehe lile furushi. Ndiyo maana moshi wa jirani unaniinua kitini.

Mwaka wa pili baada ya harusi, Adela na Deo walikuja kututembelea, na nyuma yao alikuja Bibi Velonika akivuta ndama jike kwa kamba. Mtoto wa kwanza wa kike wa Gaju. Ada ilitaka akabidhiwe baba, kwani yeye ndiye aliyetoa mahari. Bibi Velonika alimpita baba, akaiweka kamba mkononi mwa mama. Baba alisogea pembeni kumpisha. Wakamwomba mama ampe jina, na watu wakaanza kupendekeza, maana ndama alikuwa mwekundu kama udongo wa Kasulu, wekundu ambao hauna unywele mmoja mweupe.

Mama aliiachia kamba. Akazunguka nyuma ya ndama, akamshika mkia, akasema anaitwa Gitare. Hakuna aliyembishia.